Maombi ya Kisogoni

Ndugu msomaji, kabla hujanikasirikia naomba ujue kwamba mimi ni Mwanglikana. Nimebatizwa, nimewekewa mikono na askofu, na Jumapili usiponiona kanisani basi ujue naumwa, au mvua imekata barabara. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo watakaosoma nusu ukurasa halafu waseme, "Huyu kijana kapotea, au katumwa." Sijatumwa na mtu. Nimechoka kunyamaza, basi.

Ugomvi wangu ni na karatasi. Ile karatasi tunayoiita "Mahitaji ya Maombi". Aliyewahi kusali katika kanisa la misheni huku Mpanda anaijua vizuri. Ina namba. Namba moja, mabati ya kanisa. Namba mbili, pikipiki ya mwinjilisti, maana anatembea vijiji vinne kwa miguu. Namba tatu, malaria. Namba nne, wanafunzi wa chuo cha Biblia wapate ada. Mpaka hapo sina neno. Mabati kweli hayapo, na mwinjilisti kweli anatembea mpaka soli inabaki njiani. Lakini ukishuka kidogo, kwenye namba sita au saba, unakutana na mstari wenye maneno ya namna hii: waombeeni wenyeji wa huku, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, ambao bado wamefungwa katika giza la mizimu, ushirikina na pombe.

Halafu karatasi inapigwa mhuri. Inakwenda dayosisi, inakwenda kwa marafiki wa misheni, inavuka bahari. Watu wema ambao hawajawahi kuiona Mpanda wanapiga magoti na kumwomba Mungu juu ya bibi yangu. Bibi yangu hajui. Yuko shambani kwake anafukuza ndege kwenye mpunga.

Huo mstari wa saba ndio ninaoupinga leo.

Mwandishi wa mstari

Sasa tusidanganyane. Usidhani nanyooshea kidole mzungu fulani au mchungaji fulani. Mstari huo niliwahi kuuandika mimi mwenyewe. Nilikuwa katibu wa vijana katika kanisa moja ambalo jina lake halina haja hapa, na kwa vile mwandiko wangu unasomeka nikapewa kazi ya kunakili mahitaji ya mwaka. Nilipofika kwenye wenyeji sikusita hata kidogo. Niliandika "giza" kama mtu anavyoandika tarehe. Tena nikaongeza la kwangu, kwamba wazee ndio wagumu zaidi. Nikajiona nimesoma.

Likizo nikaenda kumsalimia bibi, huko kwetu Mpimbwe, upande wa Usevya. Kitabu changu cha sala kilikuwa na nakala ya ile karatasi ndani yake. Bibi hajui kusoma ila anapenda kusomewa. Akaiona.

"Mume wangu," akaniita, maana ndivyo tunavyotaniana, "nisomee hiyo."

Nikaanza kusoma. Mabati, akaitikia Amina. Pikipiki, akasema, "Kweli, yule kijana anateseka na jua." Malaria, Amina. Nikafika namba saba, nikaruka. Nikasoma namba nane. Bibi yangu hajui kusoma lakini kuhesabu anajua.

"Saba iko wapi?"

Nikamwambia imefutika. Akanitazama na macho yake yale mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sabini, akasema taratibu, "Basi ni sisi."

Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Alinyanyuka akaenda kuchochea moto, na mimi nikabaki na karatasi yangu mkononi kama mwizi aliyekutwa na kuku.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja, na ndicho ninachokileta mbele yenu. Ombi lolote unalomwombea mtu, kama huwezi kumsomea usoni, hilo si ombi. Hayo ni maneno ya kisogoni ambayo tumeyatia Amina mwishoni.

Nani mgeni, nani mwenyeji?

Hebu tuangalie kwanza ni nani anayemwombea nani. Karatasi inaposema "wenyeji wasiofikiwa" inaleta picha kwamba kanisa lilikuwa limekaa hapa tangu zamani, limewasha taa, na Mbende amesimama nje gizani anakataa kuingia. Historia haiko hivyo.

Kwa huku kwetu Anglikana ni mgeni wa juzi. Wakatoliki walitangulia mbali. Pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wa kile chama cha Mfalme Leopold walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi mapadre wa White Fathers. Wamoraviani waliingia kutoka upande wa Unyamwezi. Sisi Waanglikana tulikuwa Buha, kule Kasulu, na Dayosisi ya Western Tanganyika iliundwa mwaka 1966. Dayosisi ya Ziwa Rukwa yenye makao hapa Mpanda imezaliwa mwaka 2010. Wapo mbuzi wanaochungwa na watu wenye umri mkubwa kuliko dayosisi yetu!

Na huyu mgeni aliletwa na nani? Si kwa meli ya wamisionari. Kwa sehemu kubwa aliletwa na watu waliobeba mizigo kichwani. Waha walioshuka kutafuta kazi na mashamba. Kisha ule mwaka mbaya wa 1972, Warundi wakakimbia mauaji kwao. Misheni ya Kianglikana ilikuwa imefika Burundi miaka ya 1930, Buhiga na Matana, kwa hiyo kati ya wale waliovuka mpaka walikuwamo watu wa Kitabu cha Sala na nyimbo zao za Kirundi. Serikali ikawakatia msitu. Katumba ikafunguliwa mwaka 1973, Mishamo mwaka 1978. Pale porini, kabla ya zahanati na kabla ya shule za maana, watu walikata miti, wakaezeka nyasi, wakasali. Wakatoliki na Wapentekoste nao hivyo hivyo.

Msitu ule haukuwa wa bure. Ulikuwa na majina ya vijito, ya vilima, ya makaburi, na majina hayo hayakuwa ya Kirundi. Ilikuwa nchi ya Wabende na Wakonongo. Tena kabla ya hapo, miaka ya 1960, wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda walikuwa wamewekwa Mwese, kwenye milima ya Ubende. Na Wasukuma walipokuja na ng'ombe zao bondeni Rukwa, walikaa kati ya Wapimbwe. Mwaka 2014 wale Warundi wa 1972 walianza kupewa vyeti vya uraia, watu zaidi ya 160,000 ukijumlisha na wa Ulyankulu kule Tabora. Ni jambo la heshima kwa nchi hii, na mimi nalifurahia, maana mabinti wa Katumba ni dada zangu katika Kristo, na kusema kweli mmoja wao natamani awe zaidi ya dada.

Lakini swali langu liko pale pale. Watu wote hao walipokuja, nani alikuwa mwenyeji wao? Ni huyu huyu Mbende, Mkonongo na Mpimbwe wa namba saba. Kanisa lililokaribishwa likiwa halina hata jamvi, leo linamwandikia barua mtu wa mbali kumweleza kwamba aliyelikaribisha yuko gizani. Waswahili tunasema fadhila za punda ni mateke. Sikujua kwamba punda anaweza kupiga teke huku amefumba macho anasali.

Jina mnalolitumia

Jambo la pili. Kila barua inayotoka huku siku hizi ina maneno "Mkoa wa Katavi", tangu mkoa ulipokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukiwauliza walioandika barua Katavi ni nani, wengi watakuambia ni mbuga ya viboko. Kumbe Katavi ni jina la yule yule mnayemkemea. Wazee wanasimulia habari za Katabi, mwindaji hodari wa kale, ambaye roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Mpaka karne hii watu wameacha sadaka chini ya mkwaju ule wakiomba mvua au mawindo mema.

Kwa hiyo tazama kichekesho hiki. Juu ya karatasi tumeandika jina lake kwa herufi kubwa kama anwani, na chini kwenye namba saba tunaomba asikumbukwe tena.

Simwambii mtu akaweke sadaka kwenye mkwaju. Mimi siweki. Ninachosema ni kwamba mtu anayekwenda kwenye mkwaju kuomba mvua ni mtu anayeomba. Ana haja, anaijua haja yake, na anajua kwamba yeye mwenyewe hana uwezo wa kuitimiza. Huyo si kipofu. Pengine ana njaa ya Mungu kuliko sisi tunaosinzia wakati wa hotuba. Ukitaka kumweleza habari za Kristo, kaa naye umuulize anaomba nini na kwa nini. Ukianza na neno "giza" umeshamfungia mlango, na funguo umeiweka mfukoni mwako.

Pale Karema alikuwapo mtu aitwaye Adriano Atiman. Kazaliwa mbali, nchi tunayoiita Mali leo, akaibwa utotoni akauzwa utumwani, mapadre wakamkomboa, akasomeshwa uganga wa kizungu kule Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa daktari na katekista, na akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka sitini! Hakuja kwa ziara ya wiki mbili na kamera. Alifunga vidonda vya watu, akala chakula chao, akazikwa kwao. Sisi Waanglikana si wa kanisa lake, lakini kama kuna mtu aliyewahi kuwaombea watu wa nchi hii akiwatazama usoni, ni yeye. Tusione aibu kujifunza kwa Wakatoliki.

Kila mtu anajua kinachowafaa

Kwa nini nafanya ukali kwa sababu ya mstari mmoja? Kwa sababu mstari huo haukuanza na kanisa. Ni wa mwisho katika foleni ndefu.

Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa magharibi kutoka makwao na kuwakusanya mahali pamoja kwa ajili ya malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, nakubali. Lakini mtu aliondolewa penye makaburi ya baba yake akaambiwa ni kwa faida yake. Kisha madini ya risasi yakaonekana Mpanda, na mwaka 1950 reli ikafika kutoka Kaliua, kilomita mia mbili na kitu porini, si kwa ajili ya Mkonongo kusafiri bali kwa ajili ya mawe kusafiri. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970, hama tena, kwa faida yako. Mwaka 1974 Katavi ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1998 ikapanuliwa, sasa ni zaidi ya kilomita za mraba 4,400. Tembo akitoka humo akala mpunga wako ni mali ya taifa. Wewe ukiingia kutafuta asali ni jangili.

Sisemi yote yalikuwa mabaya. Nasema yote yalifanana kwa jambo moja, kwamba kuna mtu aliyekaa mahali pengine, akamtazama mwenyeji kwa mbali, akaamua anachohitaji, akaandika kwenye karatasi. Bwana shauri aliandika, bwana migodi aliandika, bwana nyama aliandika. Nilitegemea kwamba kanisa litakuwa la kwanza kuvunja mtindo huo. Badala yake tumechukua kalamu ile ile, tukabadilisha kichwa cha habari tu.

Penye kisu

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, "Sawa bwana, ni suala la heshima, tutabadilisha maneno." Ngoja. Liko kubwa zaidi, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Mstari wa saba huwa na mdogo wake. Siku za mkesha na siku za maombi ya kufunga, utasikia watu wakiomba kwa sauti kubwa: Bwana, wafichue wachawi! Bwana, wachawi wa kijiji hiki wasipate nafasi! Watu wanapiga makofi, vijana wanaruka, ngoma inalia. Sasa niambie, baada ya mkesha ule, alfajiri, kijana wa miaka ishirini aliyefiwa na mtoto wake wiki iliyopita anatoka kanisani na nini kichwani? Anatoka akiwatazama wazee. Anamtazama nani? Mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu.

Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Usukumani, Unyamwezini, na huku kwetu magharibi, si hadithi. Macho yale yametiwa wekundu na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia watoto ambao leo ndio wanaowashuku. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kama wanyama. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, mzaliwa wa Kibaoni hapa hapa kwetu, alitoa machozi Bungeni alipokuwa akieleza kauli yake juu ya wauaji wa watu hao. Unaweza kubishana na kauli yake. Lakini machozi yalikuwa mbele ya watu wote. Ya kwetu kanisani yako wapi?

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya mkoloni lakini bado ipo, inasema kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Ajabu ni kwamba sheria ya mkoloni inamlinda bibi yangu kuliko mkesha wetu. Karani wa mahakama anaogopa kumtaja mtu bila ushahidi. Sisi tunamtaja bila kumtaja, tunamwachia kijana mwenye uchungu ajaze jina mwenyewe.

Ndiyo maana nasema namba saba si suala la lugha tu. Ukirudia mwaka hadi mwaka kwamba wazee wa wenyeji ndio ngome ya mizimu, umeshawatia alama. Anayekuja na panga baadaye hakusoma barua yako, sawa. Lakini hewa aliyovuta, na wewe uliipuliza. Na mimi niliipuliza, kwa mwandiko mzuri.

Majibu kwa wanaobisha

Nimeshajaribu kuyasema haya kwa mdomo, kwa hiyo majibu yake nayajua. Yako matatu.

La kwanza: "Lakini ushirikina kweli upo!" Upo. Nani kakataa? Upo kwa wenyeji, upo kwa wageni, upo kwa wafanyabiashara wa mjini Mpanda wanaotafuta utajiri wa haraka, na baadhi yao wanakaa kiti cha mbele na kutoa sadaka nono. Mbona hao hawana namba yao kwenye karatasi? Au kwa sababu wanachangia mabati?

La pili: "Wafadhili wakisoma habari laini hawataguswa." Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana lina ukweli ndani yake. Picha ya giza inaleta fedha. Lakini jamani, tukifikia mahali pa kumchafua bibi ili tupate mabati, tutakaa chini ya mabati hayo tukimwabudu nani? Tena tunawadharau hata hao wafadhili. Mimi naamini yupo mama wa Kiingereza mahali fulani ambaye, akiambiwa ukweli kwamba vikongwe wanaishi kwa hofu na kanisa linaona haya kusimama, ataomba kwa moyo kuliko akiambiwa hadithi za mizimu.

La tatu: "Wewe kijana unalitukana kanisa mbele ya watu." Hapana. Kanisa ambalo haliwezi kuambiwa na mtoto wake halina mtoto, lina mpangaji. Na Yesu mwenyewe alisimulia habari za watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Mmoja aliorodhesha makosa ya jirani yake. Mwingine aliinamisha kichwa akajitaja yeye. Sote tunajua ni yupi aliyerudi nyumbani amekubaliwa, tumeifundisha hadithi hiyo kwenye shule ya Jumapili mpaka watoto wameikariri. Namba saba ni sala ya yule wa kwanza.

Basi tufanyeje?

Sipendi mtu anayebomoa halafu anaondoka na nyundo yake. Haya ndiyo ninayopendekeza, na hayahitaji mfadhili.

Kwanza, karatasi ya mahitaji ianze na toba yetu. Ibada yetu ya Kianglikana ina utaratibu mzuri, tunaungama kabla ya kwenda mezani. Mbona karatasi haina? Namba moja iwe: tuombeeni sisi, maana tumewasema vibaya waliotupokea. Tuombeeni, maana tumepiga kelele juu ya wachawi na hatukumlinda mjane. Mabati yawe namba mbili, hayatakimbia.

Pili, kabla ya kupelekwa dayosisi, karatasi isomwe hadharani, kijijini, mbele ya wanaotajwa. Chini ya mwembe, si ndani ya kanisa. Mwenyekiti wa kijiji awepo, wazee wa Kipimbwe na wa Kibende wawepo, wenye kwenda kwenye mkwaju wawepo. Mstari utakaotufanya tupunguze sauti, huo ufutwe pale pale kwa kalamu nyekundu.

Tatu, tuwaulize. Ni rahisi hivyo, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mimi nilirudi kwa bibi, safari hii na karatasi tupu. Nikamwambia, "Bibi, nilikosa. Ile saba niliandika mimi. Sasa niambie wewe, tuwaombe watu watuombee nini?"

Alinyamaza kwa muda, akifikiri kama mtu anayepanga kwenda sokoni na shilingi chache. Kisha akaanza. Tembo wasirudi mwaka huu. Mto Katuma usikauke mapema, maana wakulima wa juu wanayakinga maji na huku chini viboko wanabanana kwenye tope. Mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam apige simu. Yule binti wa jirani, Msukuma, ajifungue salama, maana zahanati iko mbali na ana miaka kumi na saba. Yule mwinjilisti apate hiyo pikipiki.

Nikadhani amemaliza, nikafunga kalamu.

"Na wanaoniogopa," akasema.

"Akina nani, bibi?"

"Vijana wa hapa. Siku hizi nikipita wananyamaza. Waombeeni wasiniogope. Mtu akikuogopa, ndiye anayekuua."

Ndugu msomaji, katika karatasi zote nilizowahi kunakili sijawahi kuandika haja iliyo wazi kama hiyo. Na imetoka kwa mtu wa namba saba, yule aliye gizani.

Ninaiandika hapa kwa ruhusa yake. Nimemsomea makala hii yote kwa Kipimbwe changu kibovu, kuanzia juu mpaka hapa ulipofika, na sikuruka mstari. Pale nilipotaja macho yake alicheka, akasema niongeze kwamba zamani yalikuwa mazuri. Naongeza: zamani yalikuwa mazuri.

Sasa nawageukia wachungaji, wainjilisti, makatibu wenzangu wenye mwandiko mzuri, na wajumbe wa sinodi wanaopitisha ripoti kwa kupiga makofi. Mwaka huu mtaandika tena mahitaji ya maombi. Kabla ya kupiga mhuri, chukueni karatasi hiyo mkamsomee mmoja wa mliowataja. Mkiweza kusoma mpaka mwisho bila kuruka namba, ipelekeni, na Mungu aibariki. Mkishindwa, msiipeleke. Kaeni hapo hapo kwa huyo mtu, mkaribishwe kiti, na muanze upya.

Naomba kutoa hoja.